Pacha wa kidijitali kwa mashine za kusaga, inatufaa sisi wenye karakana au ni mambo ya viwanda vya ndege?

mwenye_karakana:

Wakuu habari za jioni. Nina karakana ndogo ya kutengeneza mashine za kusaga na kukoboa. Bodi tunachomelea wenyewe, shafti tunakereza wenyewe, ila mota, beringi na mikanda tunanunua. Inayotoka sana ni ya kusaga yenye mota ya kilowati 15, hizi wateja wanaita hosi pawa 20, naiuza milioni 5.8 pamoja na kwenda kumfungia mteja na gharanti ya mwaka mmoja. Mpaka sasa ziko kama 60 huko nje, nyingi vijijini.

Shida yangu ni kwamba siku namkabidhi mteja mashine najua nimepata kiasi gani, ikipita miezi nane sijui tena. Simu inapigwa mota imeungua, nampandisha fundi kwenye basi na begi la spea, nauli juu yangu, posho juu yangu, kulala juu yangu, akifika anakuta kweli mota imekufa tunapeleka nyingine. Mwaka jana nimebadilisha mota nne kwa gharanti. Mteja anasema mota zenu feki, muuza mota anasema wateja wako wanazidisha mzigo, mimi nimebanwa katikati na ndo ninayelipa. Ile ya nne nilichoka nikaifungua mwenyewe hapa karakana, nikakuta koili baadhi nyeusi tii kama mkaa alafu zingine zilizo pembeni yake bado zinang'aa vanishi kama imetoka dukani jana. Sikuelewa kabisa moto gani unachagua.

Sasa wiki iliyopita kaja kijana wa kampuni moja ya softiwea ananiuzia kitu anaita pacha wa kidijitali, kanionyesha kwenye laptopu mashine inazunguka, ukigusa beringi inakuandikia joto lake, ukigusa mota inakuandikia umeme. Anasema itanisaidia kujua bidhaa yangu na gharama zake kuanzia kwenye mchoro mpaka siku inapouzwa chuma chakavu. Bei aliyotaja inazidi mashine zangu mbili na kila mwezi unalipa tena. Wazo limenigusa kwa sababu hicho anachosema ndo hasa kinachonikosesha usingizi, ila hela hiyo sina na sitaki kununua picha nzuri. Nani amewahi kuitumia kwenye vitu vya kawaida kama hivi vyetu? Inaanzia wapi?

fundi_wa_pampu:

Mkuu nianze na hiyo mota yako maana imenisikitisha. Koili nyeusi na koili nzima ndani ya mota moja, hiyo mota haikuwa feki na wala sio mzigo. Mzigo ukizidi koili zote zinapika pamoja, unakuta zote zimekuwa kahawia. Ukikuta theluthi moja imeungua na theluthi mbili nzima ujue mota ilikuwa imeungwa delta, yaani koili zimeungana kama pembetatu, na feizi moja ya laini ilikatika, ikaendelea kuzunguka kwa mbili zilizobaki, seti moja ya koili ikabeba mzigo wa wenzake. Ingekuwa imeungwa sta, yaani ncha za koili zinakutana sehemu moja, ungekuta kinyume, theluthi mbili zimeungua na moja nzima. Kwaiyo ulikuwa umeshika ushahidi mkononi, fyuzi ya feizi moja ilikufa au kontakta, ile swichi ya sumaku, ina mguu mmoja umelika, na stata yako, lile boksi la kuwashia mota, haikuzima.

Hapa ndo naingia kwenye swali lako. Mimi niko kiwanda cha maji ya chupa, kazi yangu pampu na mota, tumefunga huu mfumo kwenye pampu sita miaka kadhaa sasa. Ile picha inayozunguka tulikuwa nayo mwanzo, sasa hivi hakuna anayeifungua. Tunachofungua kila asubuhi ni namba mbili tu kwa kila pampu, inachofanya na ile ambayo ingetakiwa kufanya kwa hali ya leo. Pacha ni hiyo namba ya pili. Sensa inakwambia mota inavuta ampia 33. Hiyo peke yake haina maana. Pacha anakwambia kwa volti 400 na mzigo huu ingetakiwa kuvuta 28, ila saa hizi umeme ni volti 340 ndo maana imefika 33, kazi ni ile ile. Alafu anaendelea, joto la waya linakwenda kwa mraba wa ampia, kwaiyo kutoka 28 kwenda 33 joto linalozalishwa kwenye koili limepanda karibu asilimia 40. Na kanuni ya mafundi wa mota wote ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada juu ya kiwango zinakata umri wa insulesheni nusu. Ukimpa kompyuta ampia za kila dakika anakutunzia hesabu ya umri ulioliwa, mota namba fulani imeshakula kiasi gani, na hiyo hesabu inaendelea hata usiku umelala.

Kuna kitu pia hawa wauzaji hawakisemi. Ukiwa na mchoro na hesabu zake unajaza kwa mkono hiyo ni modeli tu. Ukifunga sensa ikawa inatuma yenyewe lakini hakuna kinachorudi kwenye mashine, hicho ni kivuli. Pacha ni pale mambo yanapoenda pande mbili, mashine inamwambia na yeye anairudishia kitu, anazima kontakta, anashusha spidi, au hata anamtumia msagaji ujumbe ageuze nyundo, vile vyuma vya ndani vinavyopiga mahindi. Wengi wanaouziwa pacha wameuziwa kivuli. Na mimi nakwambia kwa karakana yako kivuli kizuri kinatosha kwa mwaka wa kwanza, usione haya kuanza nacho.

mwenye_karakana:

Mkuu umenifumbua macho kwenye hizo koili, nimerudi kuangalia picha nilizopiga, kweli ni theluthi. Sasa stata zangu zote zina ovalodi, kile kifaa cha kuzima mota ikivuta umeme kupita kiasi, na mafundi wanaiseti ampia 28 kama ilivyoandikwa kwenye kibati cha mota. Kwa nini haikuzima?

fundi_wa_pampu:

Stata ni sta-delta, ile inayowasha mota kwa sta alafu inahamia delta? Kama ni sta-delta angalia ovalodi imefungwa wapi. Ikiwa imekaa chini ya kontakta kuu, pale haupiti umeme wote wa laini, inapita asilimia 58 tu. Kwaiyo 28 mara 0.58 ni 16. Unaseti 16. Ukiiweka 28 pale umemruhusu mota avute karibu ampia 48 kwenye laini bila kuzima, ni kama haipo. Nenda kaangalie kesho kabla hata hujanunua sensa moja. Na uongeze rilei ya kulinda feizi, inakaa mbele ya koili ya kontakta, feizi ikipotea inaachia palepale.

niko_hanga:

Salaam wakuu. Mimi Mtanzania niko huku Ghuba, kazi yangu ni matengenezo ya injini za ndege, na kwa vile bro kauliza kama ni mambo ya ndege ngoja niseme kidogo yalikotoka.

Wazo lenyewe Michael Grieves aliliwasilisha 2002 kule Michigan kwenye mambo ya kusimamia bidhaa maisha yake yote, sio kwenye mambo ya picha. Jina la pacha likaja baadaye, linatajwa kwamba lilitoka kwa John Vickers wa NASA, na likaingia kwenye mipango ya NASA 2010. Ila ukienda nyuma zaidi watu hutoa mfano wa Apollo 13, Aprili 1970, tangi la oksijeni lililipuka chombo kikiwa njiani kwenda mwezini, na wa ardhini walikuwa na simuleta, wakaziweka kwenye hali ile ile ya chombo kilichoharibika, umeme kiasi kile kile kilichobaki, wakajaribu hatua moja moja humo kwanza ndo wakawasomea wale walioko juu. Hawakutumia chombo cha mfano kwa ujumla, walitafuta kile kile chenye shida zile zile. Hiyo tofauti ndo kila kitu.

Huku kwetu, diski ndani ya injini ina namba yake na ina idadi ya mizunguko ya kuruka na kutua inayoruhusiwa, ikifika inatolewa hata kama inaonekana mpya. Ikitolewa kwenye injini moja ikaenda nyingine historia yake inahama nayo. Ikikosekana karatasi hata ya kipindi kimoja tu, huwezi kuonyesha maisha yake kuanzia siku ilipozaliwa, ile diski ya hela nyingi inageuka chuma. Nimeshuhudia kipande kizima kabisa kinawekwa pembeni kwa sababu ya karatasi. Inauma lakini ndo utaratibu, na ndo unaofanya abiria afike.

Kwaiyo swali langu kwako bro, hizo mashine 60 zina namba? Kila moja unaweza kuniambia ina mota namba ngapi, beringi zimetoka boksi gani, nani alisawazisha rota, ilifungwa lini na wapi? Kama jibu ni hapana basi huna cha kumpa pacha, hata ukinunua softiwea ya dunia nzima. Gonga namba kwenye bodi kwa nyundo na herufi za chuma. Sio stika, stika itaondoka na unga na jasho. Na kila mota uliyoisuka upya iendelee na historia yake, usiiingize kwenye stoo kama mpya.

Kingine, kampuni ya Bristol Siddeley ya Uingereza mwaka 1962 ilianza kuuza injini ya Viper kwa malipo ya kila saa inayoruka badala ya kulipia kila matengenezo, Rolls-Royce ikairithi na mpaka leo hiyo biashara ipo. Sababu iliwezekana ni kwamba mtengenezaji alijua saa moja ya injini inamgharimu kiasi gani. Ukishajua gunia moja linaigharimu mashine yako shilingi ngapi, unaweza kumpa mteja asiye na milioni 5.8 mashine akalipa kwa gunia. Bila kujua usithubutu, utafilisika.

dada_wa_vitabu:

Wakaka mmeongea vizuri ila mmesahau kitu kimoja, swali lake limetaja gharama na hapa kila mtu anaongelea joto. Mimi ni mhasibu, nimefanya kazi na viwanda vidogo viwili, na ugonjwa wa huyu ndugu naujua. Kwenye vitabu vyake nauli ya fundi iko kwenye usafiri, mota iliyopelekwa iko kwenye manunuzi, posho iko kwenye mishahara, na mashine aliyoiuza ilishafungwa mwezi ule kwamba imeleta faida. Hakuna sehemu hata moja ambapo mashine namba 22 inasimama na kusema mimi nimekula hivi. Mwisho wa mwaka hela haipo na hajui imeenda wapi.

Pacha lazima awe na pochi. Kila namba ya mashine iwe na ukurasa wake, na kila kitu kinachoigusa kiingie pale, bati, elektrodi, saa za fundi, mota, usafiri wa kwenda kufunga, simu ya kwanza ya malalamiko, safari, spea, mpaka siku unainunua tena kwa mteja au inauzwa chakavu. Excel inatosha kabisa kuanza, mimi nimeona mtu anaendesha mashine mia kwa Excel. Ukishakuwa na miezi kumi na mbili utajua gharanti inakula wastani wa shilingi ngapi kwa kila mashine, na hiyo unaitenga siku ile ile unayouza, sio unasubiri simu. Hata viwango vya kimataifa vya uhasibu, IAS 37, vinataka gharanti itengewe unapouza, sio jambo geni.

Na usisahau gharama ya upande wa mteja maana ndo itakayokuuzia. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mashine mpya inasaga kilo 400 kwa saa ikila yuniti 14, hiyo ni yuniti 3.5 kwa kila kilo 100. Nyundo zikilika inashuka mpaka kilo 300 kwa saa na umeme ni ule ule 14, inakuwa yuniti 4.67. Tofauti yuniti 1.17. Chukua shilingi 350 kwa yuniti ukiweka kodi na tozo, ni kama shilingi 408 kwa kilo 100. Akisaga tani mbili kwa siku, siku 25, ni zaidi ya laki mbili kwa mwezi anazichoma kwenye LUKU kwa sababu ya nyundo ambazo pengine zilihitaji kugeuzwa tu kona ya pili. Na hata mashine ikiwa nzima, tani mbili kwa siku ni yuniti 70, ni shilingi 24,500, kwa siku 300 ni milioni 7.35. Umeme wa mwaka mmoja unaipita bei ya mashine yenyewe. Mteja anabishana na wewe apunguziwe laki mbili kwenye bei wakati hela yake kubwa iko sehemu ambayo hakuna anayemwonyesha. Wewe ukiwa wa kwanza kumwonyesha hatahama.

Kuhusu hiyo softiwea, naomba umuulize kijana swali moja tu, siku nikiacha kulipa data zangu za miaka mitatu nazichukua kwa faili gani? Akisita mwache.

msagaji_wa_uasin_gishu:

Habari zenu majirani. Mimi niko Kenya, huku tunaita posho mili, na niko upande ule mwingine, mimi ndio mteja wa watu kama wewe. Nina mili tatu. Wacha niwaambie vile mteja anaona hii maneno.

Ukikuja kwangu na kisanduku chenye laini ya simu unataka kufunga kwa mashine yangu, kitu ya kwanza nitajiuliza ni nani ataona nimesaga magunia mangapi. Si ati naficha kitu, lakini hiyo ni biashara yangu, na jirani yangu naye ana mili. Kwa hivyo kabla hujafunga kaa chini na mteja, mwambie utaona nini, nani mwingine ataona, na umwandikie. Na yeye mwenyewe aone zake kwa simu. Mimi nikipewa ujumbe kila Jumamosi jioni kwamba wiki hii mili yako imetumia yuniti ngapi kwa gunia na wiki iliyopita ilikuwa ngapi, hiyo kisanduku nitakilinda kama mtoto. Nikikosa kupata kitu, kijana wangu atachomoa waya achaji simu na hautajua.

Ya pili, kijana anayesaga ndiye anajua mashine. Yangu moja ikianza kulia kwa beringi ananiambia siku tatu kabla, anasikia kwa sikio. Weka mahali pa yeye kuandika. Sensa yako haijui kwamba leo mahindi ilikuwa na unyevu, na mahindi mbichi inafunga chekeche na ampia zinapanda, computa itasema nyundo zimeisha na ni uongo.

fundi_wa_pampu:

Huyo ndugu wa Kenya kaongea jambo kubwa sana kwenye unyevu. Sisi ilitukuta, pacha wetu alikuwa analalamika kila msimu wa joto mpaka tukagundua hatukumwambia joto la maji yanayoingia. Pacha anajua unachomwambia tu, na ukimwacha miezi sita bila kumsahihisha anaachana na mashine, mashine inazeeka yeye bado anaikumbuka ilivyokuwa mpya. Kila fundi akigusa kitu, amebadili puli au chekeche ya matundu mengine, lazima na pacha abadilishwe siku hiyo hiyo, la sivyo namba zake ni za mashine ambayo haipo.

Vifaa mkuu usiogope. Mita ya feizi tatu ya kufunga kwenye reli yenye RS485 ya kutolea data, ESP32 ambayo ni kompyuta ndogo sana, modemu ya laini ya simu, kadi ndogo ya kutunza data mtandao ukikosekana, basi. Kutuma tumia MQTT, utaratibu wa vifaa kutumiana ujumbe mfupi, ilibuniwa 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kwa setelaiti wakati mawasiliano yalikuwa ghali, ndo maana inakula data kidogo sana, ukituma mara moja kwa dakika hufiki hata MB 15 kwa mwezi. Kuonyesha tumia Grafana, haina malipo. Ila angalizo, modemu kama SIM800L inaweza kuvuta mpaka ampia 2 kwa nukta ile inapotuma, ukiipa umeme dhaifu itajizima na kujiwasha siku nzima utadhani ni mtandao. Na usifunge zote 60. Funga tano zilizo kwenye mazingira tofauti, zingine zibaki na ukurasa wa dada_wa_vitabu.

mwenye_karakana:

MREJESHO

Wakuu naomba radhi kwa ukimya, imepita miezi minne. Sikununua ile softiwea. Nimefanya mliyoniambia na naona ni haki niwaletee nilichokuta.

Siku ile ile ya kwanza nilifungua stata tatu zilizokuwa tayari kutoka hapa karakana. Zote ovalodi iko chini ya kontakta kuu na zote zimesetiwa 28. Hayo ni makosa ya karakana yangu, sio ya muuza mota na sio ya mteja, na nimewapigia simu wale wateja wanne kuwaambia hivyo. Mmoja alinyamaza muda mrefu alafu akasema asante kwa kunipigia. Sasa kila stata inatoka na 16 na rilei ya feizi, bei nimeiongeza kidogo na hakuna aliyelalamika nikishamwonyesha picha ya zile koili.

Namba tumegonga kwenye bodi, mpya zote na za zamani kila fundi akipita. Tumefika 41 kati ya 60, zingine sijui ziko wapi maana zimeshauzwa kwa mtu wa pili.

Visanduku nimefunga vitano. Mashine namba 37 iko mwisho kabisa wa laini ya kijiji, saa moja jioni watu wakiwasha kila kitu volti zinashuka mpaka 342 na ampia zinafika 33, mchana iko vizuri kabisa. Mteja tumekubaliana asage mpaka saa kumi na mbili, na jioni nimemwekea ujumbe unaingia kwenye simu yake volti zikifika 360. Namba 44 feizi zake ni 398, 401 na 376, niliona ndogo nikampigia fundi_wa_pampu, akanifundisha hesabu, wastani 391.7, iliyo mbali imeachana kwa asilimia 4, unazidisha kwa yenyewe alafu mara mbili, joto la mota linapanda kama asilimia 32. Kumbe ilikuwa ni nati ya waya mmoja kwenye swichi kuu, imelegea na imekuwa nyeusi. Dakika kumi kazi imeisha. Hiyo mota ningeibadilisha kwa gharanti kabla ya Krismasi nina uhakika.

Namba 12 ujumbe wa yuniti kwa gunia ulipanda wiki tatu mfululizo, mteja akageuza nyundo mwenyewe bila kunipigia, wiki iliyofuata ikashuka. Hiyo imenifurahisha kuliko zote kwa sababu mimi sikusafiri.

Ila kitabu cha dada ndo kimenishangaza. Nilikuwa naamini mota ndo zinanimaliza. Baada ya kukusanya risiti za mwaka mzima na kugawa kwa namba za mashine, safari za beringi ni nyingi kuliko za mota, ndogondogo, kila moja nauli na posho na beringi mbili, hakuna aliyeziona kwa sababu hazipigi kelele. Na karibu zote ni beringi ya upande wa puli. Namba 22 peke yake imekwenda safari tatu. Hiyo mashine imenila faida yake yote na ya mwenzake.

Sasa msaada, upande wa puli kwa nini?

niko_hanga:

Hongera sana bro kwa kuwapigia wale wateja.

Beringi upande wa puli ni mkanda umekazwa kupita kiasi, nakuwekea hela. Beringi za gololi umri wake unakwenda kwa mchemraba wa mzigo, ukizidisha mvuto wa mkanda mara mbili umri haugawanyiki kwa mbili, unagawanyika kwa nane. Kitu cha miaka minne unakipata miezi sita. Fundi akisikia mkanda unateleza anakaza, hana kipimo, anakaza mpaka roho yake itulie. Na hiyo rudisha kwenye mchoro, kiti cha mota kiwe na boliti moja ya kuvutia yenye alama, sio mtu anavuta kwa mtaimbo alafu mwenzake anakaza nati.

mwenye_karakana:

Kwa mtaimbo, ndo hivyo hivyo tunavyofanya. Sasa fundi akiwa kijijini anapimaje bila kifaa cha bei?

fundi_wa_pampu:

Mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki, na rula. Pima urefu wa mkanda ulio hewani kati ya puli na puli. Vuta mkanda mmoja pale katikati kwa mizani mpaka ubonyee milimita 16 kwa kila mita ya huo urefu. Alafu soma mizani imevuta kilo ngapi, linganisha na jedwali la aina ya mkanda na kipenyo cha puli ndogo. Ikizidi jedwali legeza, ikipungua kaza. Iandike kwenye ukurasa wa mashine siku ya kufunga, na irudie baada ya siku moja ya kusaga maana mkanda mpya unalegea. Yako ni urefu gani?

mwenye_karakana:

Sentimita 70, mikanda mitatu ya saizi B.

fundi_wa_pampu:

Milimita 11 basi. Nipe kipenyo cha puli ya mota nikutafutie kilo zake.